Tundu la mzinga: kisa cha ukuta wa Kunduchi

Fundi alivunjika mguu Jumamosi moja ya Juni, saa nne na nusu asubuhi, akiwa anapanda kitu ambacho sote watano tulikiita ukuta wa ngome. Wenzangu wameniomba nikiandike kisa chote kwa sababu kila mmoja anacho kipande chake, na vipande havilingani. Konda anasema kosa ni viatu, maana Fundi alivaa ndala. Mhasibu anasema ni haraka. Fundi mwenyewe, miezi miwili sasa, anashikilia kwamba ukuta ulikuwa mbovu, jambo ambalo ni kweli ila halitufikishi popote. Mimi naona mguu ule ulianza kuvunjika siku tisa kabla, sebuleni kwa Mhasibu, tulipolibandika jina lile eneo la Kunduchi, pembezoni mwa Dar es Salaam.

Nitawaita kwa kazi zao, ndilo sharti walilonipa. Fundi anatengeneza simu Kariakoo. Konda ameacha daladala tangu zamani, jina tu ndilo halijamwacha. Mhasibu na Konda ni watoto wa mtu na mdogo wake. Mwalimu anafundisha jiografia sekondari. Mimi napiga picha za harusi, na hilo mlikumbuke, litarudi.

Jina

Mhasibu alitumiwa picha kwenye WhatsApp: kuta za mawe rangi ya majivu, mibuyu, nguzo moja imesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Chini yake mtu kaandika "ngome ya Wareno, Dar". Hakuna aliyeuliza. Tulikwishachoka na Coco Beach, na neno ngome lina utamu wake. Ukisikia ngome unaona mizinga, handaki, mateka, njia ya siri ya kutokea baharini. Konda akafungua kundi jipya jioni ileile, akaliita Wavamizi.

Laiti mmoja wetu angekaa dakika tano kufikiri. Wareno walijenga ngome Kilwa Kisiwani mwaka 1505, wakaihama 1512. Mombasa walianza Ngome ya Yesu mwaka 1593. Ngome Kongwe ya Unguja ni kazi ya Waomani, baada ya Mreno kung'olewa Mombasa mwaka 1698. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa kijiji cha Mzizima mpaka Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga katika miaka ya 1860, na lile Boma la Kale karibu na bandari ni la mwaka 1867, nalo lilijengwa kwa ajili ya wageni wa Sultani. Mreno angekuja kumlinda nani hapa? Mwenye hamu ya ngome na apande gari la Bagamoyo.

(Na hata Kilwa, lile jengo linaloitwa Gereza, kuta zinazoonekana leo sehemu kubwa ni za Waomani, na neno gereza lenyewe limetokana na *igreja*, yaani kanisa kwa Kireno. Pwani hii majina ya majengo huwa yanatangatanga. Sisi si wa kwanza.)

Kilichopo Kunduchi ni magofu ya msikiti wa karne ya 15 au 16, na makaburi yaliyouzunguka, mengi yakiwa ya karne ya 18 na 19. Baadhi yana nguzo, na nguzo zilipambwa kwa bakuli na sahani za kauri zilizopachikwa kwenye lipu. Nguzo ya kwenye picha ilikuwa ya kaburi. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile nilikuwa mvamizi kama wavamizi wengine.

Kuingia

Tulipanda daladala la Tegeta, tukashuka Mtongani. Hapo ndipo penye machimbo ya kokoto, na Mwalimu, ambaye hawezi kuona jiwe akanyamaza, akatueleza kwamba mwamba unaopondwa pale ni matumbawe ya kale, ya enzi ambazo bahari ilifika huku juu kabla haijarudi nyuma. Jamii ya jiwe hilohilo ndiyo inayochomwa kuwa saruji kilimani Wazo. Tukamwambia atupumzishe, ni wikiendi. Bajaji zikatupeleka Kunduchi Pwani, sokoni kwa samaki, tukanywa chai na kula pweza.

Maji yalikuwa yamekupwa. Badala ya kuuliza njia kwa watu wa kijijini tukakata kwa ufukweni, tukapenya kwenye vichaka, tukatokea nyuma ya magofu. Yaani tuliingia kwa mlango wa uani kwenye nyumba ya watu, bila hodi. Sikumbuki mtu yeyote kupendekeza hivyo. Ilikuwa tu kama jambo la kawaida: nani anabisha hodi kwenye ngome iliyohamwa?

Dakika ishirini

Tangu tuingie mpaka Fundi aanguke zilipita dakika kama ishirini. Nimezipitia mara nyingi kwa sababu picha zote ninazo, zina saa, na ndani yake dalili zimejipanga waziwazi mpaka inatia aibu.

Picha ya tatu ni Fundi amesimama mbele ya shimo lililoingia ukutani, juu limepindwa upinde, pembeni mawe yamechongwa vizuri kuliko ya sehemu nyingine zote. Amenyoosha mkono kama mtu anayefyatua risasi. "Hapa ndipo walipokuwa wanaweka mzinga," alisema, na sote tukakubali. Hata Konda, aliyesoma madrasa mpaka akakhitimu, alikubali.

Mwalimu peke yake alipekua simu yake, akafungua dira. "Mbona tundu la mzinga linaangalia kaskazini?" akauliza. "Bahari iko huku." Akaonyesha mashariki, upande ambao upepo wa asubuhi ulikuwa unaleta harufu ya dagaa. Fundi akamjibu kwamba labda maadui walikuwa wanatokea Bagamoyo. Tukacheka, tukasonga mbele.

Hapa ndipo ninapowataka wasomaji wangu wakae kidogo. Dar es Salaam na Maka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kusini kwenda kaskazini. Longitudo ya Maka ni kama 39.8 mashariki, ya kwetu 39.2. Kwa hiyo msikiti wowote wa pwani yetu, uwe wa Kariakoo wa juzi au wa Kunduchi wa miaka mia tano, kibla chake, yaani upande wa Maka unaoelekewa wakati wa kuswali, kiko kaskazini. Shimo lenye upinde, limechongwa kwa mawe mazuri kuliko mengine, linaangalia kaskazini: hiyo ni mihrabu, mahali anaposimama imamu. Konda huswali akiwa ameelekea ya namna hiyo kila Ijumaa. Swali la Mwalimu lilikuwa na jibu lote ndani yake, ila sisi jibu tulikuwa nalo tayari, na jibu ulilokwishalibeba linaziba masikio kuliko nta.

Picha ya tisa inaonyesha pembezoni, bila mimi kukusudia, chetezo cha udongo chenye jivu na kitambaa cheupe kimefungwa kwenye mti. Kwa mtoto wa pwani hizo si habari za kale. Mtu alikuja pale na ubani wake, pengine wiki ileile. Mhasibu alikiona, akasema "wachawi hao", tukapita.

Picha ya kumi na moja: kijiukuta cha mstatili, urefu wake mashariki kwenda magharibi, ncha moja imeinuka kidogo. Marehemu wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla, na kwa kuwa kibla chetu ni kaskazini, makaburi yetu yote hulala hivyo. Konda anasema hapo moyo ulianza kumgonga. Hakusema neno. Nimemuuliza kwa nini, akanijibu jibu ambalo naliamini kuliko yote niliyosikia katika kisa hiki: "Ningewaharibia."

Picha ya kumi na mbili haipo. Nilikuwa nimemwambia Fundi, kwa sauti ninayowaambia mabwana harusi, "Panda juu kidogo, mwanga uko nyuma yako." Kikafuata kishindo kidogo, kama gunia la chokaa linaposhushwa, kisha sauti ya Fundi.

Ukuta

Kila mtu anayesikia habari hii anauliza: ukuta uliosimama miaka mia mbili unaangukaje kwa mtu mmoja wa kilo themanini? Nilimfuata fundi mwashi mzee wa Msasani, mtu aliyewahi kukarabati nyumba za chokaa, akanichorea kwa kijiti mchangani.

Ukuta wa aina ile una nyuso mbili za mawe, na katikati hujazwa vipande vidogo na udongo wa chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kupanga matumbawe juu ya rundo la kuni na kuyachoma, kisha kuyazimisha kwa maji na kuchanganya na mchanga. Mawe ya kujengea huchimbwa ardhini, ndiyo yale ya Mtongani. Yale ya kuchonga, ya mihrabu na mapambo, yalikatwa baharini yakiwa bado mabichi, maana matumbawe mabichi ni laini, huchongeka kama muhogo, yakikaa hewani yanakauka na kuwa magumu. Juu ya yote hupakwa lipu.

Hiyo lipu ndiyo mwavuli. Ikiwa nzima, mvua inateremka. Ikishabanduka juu ya ukuta, maji ya masika yanaingia katikati, mwaka baada ya mwaka, yanaiosha chokaa taratibu. Mizizi nayo hutafuta hapohapo penye unyevu. Chumvi ya upepo wa bahari inayeyuka ukuta ukilowa na kuganda tena ukikauka, kila ikiganda inasukuma chembe. Kwa nje ukuta unabaki na sura yake, ndani mawe yanakuwa yamekaa kwa mazoea tu.

"Watu hukosea wakadhani kuiziba kwa saruji ni dawa," mzee aliniambia. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipumui. Unyevu uliokwisha kuingia unakosa pa kutokea, unatafuta njia kwenye jiwe, na jiwe ndilo linalomeguka, saruji inabaki imesimama kama fremu isiyo na picha.

Tena alinisahihisha jambo moja. Mimi nilikuwa nasema Fundi alikuwa mzito. Mzee akasema uzito si tatizo, ukuta umezoea kubeba kwenda chini. Fundi hakusimama juu. Alishika jiwe la juu kwa mikono miwili akajivuta, yaani alilivuta jiwe kuja kwake. Hakuna kitu ndani ya ukuta ule kilichokuwa kinalizuia kuja. Na tulikuwa tumetoka kwenye masika, tumbo la ukuta lilikuwa bado limelowa. Mawe matatu yalitoka. La kwanza lilimpita. La pili lilimtua kwenye kifundo cha mguu wa kushoto akiwa ameshaanguka chali. Kwa hiyo hata angevaa viatu vya jeshi jiwe lingemtua palepale; nadhani hoja ya Konda ya ndala tuiweke pembeni.

Mguu

Hapa sitakawia, kwa sababu makosa yetu ni ya kawaida na mengi. Tulimwinua asimame. Akapiga ukelele, tukamkalisha. Konda akataka kumvuta mguu "urudi mahali pake", ameshaukamata kisigino.

"Muache!" Sauti ilitoka nyuma yetu. Alikuwa mzee wa makamo ya babu, msuli na kofia, ametokea upande wa kijijini ambako sisi hatukupita. "Mguu wa mtu unauvuta kama jarife?"

"Shikamoo babu," tulisema sote kwa pamoja, kwa kuchelewa.

"Marahaba. Nani ana kanga?"

Mwalimu alikuwa nayo. Babu akaokota fito mbili, akaziweka huku na huku, kanga moja ikachanwa vipande vitatu: kimoja juu ya kifundo, kimoja chini ya goti, kimoja unyayoni. Hakukaza sana. Akamshika vidole vya mguu, akamuuliza kama anausikia mkono wake, akaangalia kama vina joto. Alivua samaki miaka mingi, alituambia, na chomboni hakuna daktari. Konda alikwisha kumpigia bodaboda. Babu akaikataa, akamtuma kijana kuleta bajaji ili mguu ukae umenyooka kwenye kiti. Hospitalini eksirei ilionyesha mfupa wa nje wa kifundo umepasuka. Akachomwa sindano ya pepopunda kwa ajili ya mikwaruzo, akafungwa hogo, yaani plasta ngumu, wiki sita.

Wakati tunasubiri bajaji babu aliuliza, bila ukali wowote, "Hapa mnapaitaje huko kwenu?"

"Ngome, babu," Fundi akajibu akiwa amelala chini, uso umemtoka jasho.

Babu akalitazama lile pengo ukutani, kisha akamtazama Fundi. "Ngome ya nani? Hapo ulipolala umelalia watu."

Sijawahi kuona mtu aliyevunjika mguu akijaribu kusogea haraka hivyo.

Kigae

Kuna jambo moja lililobaki, na ndilo lililotugombanisha kuliko mguu. Katika zile dakika ishirini Mhasibu aliokota kigae cha kauri, cheupe chenye ua la bluu, ukubwa wa kidole gumba, akakitia kwenye pochi. Alikikumbuka Jumatatu akiwa ofisini anatafuta kalamu.

Kwa watu wengi ni kipande cha sahani. Lakini mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipita pwani hii kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akastaajabia wingi wa vigae vya Kichina, na akafikia kusema kwamba historia ya nchi hii iliyofukiwa ardhini, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Kigae kikikaa pale kilipoanguka kinaweza kumwambia mtaalamu lini kaburi lilijengwa na watu wake walikuwa wakifanya biashara na nani. Kikiwa ndani ya pochi Posta hakisemi kitu.

Tena sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, imechora mstari mwaka 1863: jengo, ngome au maziko yaliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka huo yanalindwa, na vitu vidogo vya kabla ya mwaka huo navyo havichukuliwi kienyeji. Mwaka huo umenichekesha kidogo. Ndio wakati Sultani Majid alikuwa anaanza mji wake. Kwa hiyo kwa mtu wa Dar, mstari wa sheria ni kama kusema: kila kilichokuwepo kabla yako.

Mhasibu alitaka kukitupa, yaishe. Konda alitaka kirudishwe usiku, kimyakimya. Mwalimu akasema hapana, kinarudishwa mchana, kwa njia ya watu, na mawe matatu nayo yaripotiwe. Tulibishana wiki nzima kwenye kundi, ambalo kwa wakati huo Konda alikuwa ameshalibadilisha jina, likawa Wageni. Mimi nilikuwa upande wa Mwalimu, ingawa sina hakika kama ni kwa sababu ya haki au kwa sababu nilikuwa na deni la ile sentensi ya mwanga uko nyuma yako.

Tulirudi Jumapili ya pili ya Julai, wanne, Fundi akabaki kwenye bajaji na magongo yake. Safari hii tulipita kijijini, tukauliza, tukaelekezwa. Tulimkuta babu amekaa barazani anashona wavu. Tukaeleza habari ya mawe. Akasema alikwisha kuwaambia wanaohusika siku ileile, na mawe yameachwa chini kama yalivyoanguka, asiyaguse mtu mpaka waje wanaojua kuyarudisha.

Mhasibu akafungua pochi, akatoa kigae kwenye kitambaa alichokifungia, akakishika kwa viganja viwili kama anayepokea mkate wa madhabahuni. Babu akakichukua, akakigeuza, akakisugua kwa kidole, akakisogeza mbali na macho. Kisha akacheka mpaka kofia ikamkaa upande.

"Hiki kisahani cha chai. Marehemu mama alikuwa navyo sita. Vilinunuliwa mjini, mimi mwenyewe nimevivunjavunja viwili."

Tulitazamana. Mhasibu akashusha pumzi ya wiki nne. "Kwa hiyo si cha kale," alisema, akanyoosha mkono kukichukua tena, nadhani akitaka kukitia kwenye ndoo ya takataka pale mlangoni.

Babu hakukiachia. "Ulikiokota wapi?"

"Pale makaburini, babu."

"Basi," alisema, akamrudishia, akanyoosha kidole upande wa mibuyu.